UZI: Soko huria kwenye elimu, wengi tunapigania vocha tunasahau kuuliza nani anamchagua nani

Bahari_Kuu (mtoa mada)

Wakuu heshima kwenu.

Nimekuwa nasoma mijadala ya soko huria na sera za umma, na kila ikifika kwenye elimu watu wanagawanyika hapo hapo. Kundi moja linasema elimu sio bidhaa, mambo ya faida yakae mbali na watoto. Kundi la pili linasema serikali haijawahi kuendesha kitu kikaeleweka kwa hiyo binafsisha kila kitu tumalizane. Makundi yote mawili yananichosha maana ni wachache wanaojisumbua kuangalia waliojaribu hii kitu walivuna nini, na waliojaribu wapo wengi tu, wengine wana miaka zaidi ya 40 kwenye mchezo.

Tuanze na msingi wenyewe kwa sababu unapotoshwa sana. Mchumi wa Marekani Milton Friedman alipoandika kuhusu hii ishu mwaka 1955 hakusema serikali iache kulipia elimu. Alisema kulipa ni jambo moja na kuendesha ni jambo lingine. Serikali inaweza kumlipia mtoto asome bila yenyewe kumiliki majengo, kuajiri walimu na kupangia kila shule ratiba. Mzazi apewe vocha yenye thamani fulani, apeleke mtoto shule anayoitaka yeye ilimradi imefikia vigezo vya chini. Na wazo hili ni la zamani kuliko yeye. John Stuart Mill mwaka 1859 alishasema dola ilazimishe kila mtoto asome, iwasaidie ada wasio na uwezo, ipime kwa mitihani, ila isishike elimu yote mkononi kwa sababu itaishia kuwafinyanga watu wote wafanane. Adam Smith 1776 ndio alikuwa mkali kabisa, aliwasema maprofesa wa Oxford kwamba wengi wao walikuwa wameacha kufundisha miaka mingi na hata kujifanya wanafundisha hawajisumbui, kwani mshahara si unaingia tu afundishe asifundishe. Huyu mzee alisoma hapo hapo Oxford, halafu akaja kufundisha Glasgow ambako sehemu ya kipato cha mwalimu ilitoka kwenye ada za wanafunzi wake, kwa hiyo alikuwa ameona pande zote.

Ukishaelewa hapo unaona hoja ya soko haianzii kwenye faida, inaanzia kwenye taarifa na motisha. Ofisa aliyekaa wizarani hana njia ya kujua kwamba shule fulani mwalimu wa hesabu haingii darasani. Mzazi anajua, mtoto anajua, hata jirani anajua. Friedrich Hayek aliliandika hili mwaka 1945 kuhusu uchumi kwa ujumla, kwamba maarifa yametapakaa vichwani mwa watu na hakuna ofisi inayoweza kuyakusanya yote sehemu moja. Sasa kwenye mfumo tuliouzoea yule mzazi anayejua hana la kuifanyia hiyo taarifa zaidi ya kulalamika, kwenye mfumo wa vocha anahama na hela inahama naye. Hoja ndio hiyo na mimi naikubali asilimia mia.

Ila watetezi wengi wakifika hapo wanafunga daftari, wakati ndio kwanza kumekucha.

Ukiweka ushindani kuna mashindano ya aina mbili yanaweza kutokea. Shule zinaweza kushindana kufundisha vizuri, au zinaweza kushindana kuchukua watoto ambao tayari wako vizuri. La kwanza linachukua miaka, linahitaji walimu, usimamizi, pesa na uvumilivu. La pili linachukua siku moja tu ya usaili. Weka mtihani wa kuingia, hoji wazazi, omba barua ya kanisa au cheti cha ndoa, ongeza mchango kidogo juu ya vocha, matokeo yako yanapanda bila mwalimu hata mmoja kubadilisha chochote darasani. Ukimwachia mwendesha shule achague mwenyewe atachagua lipi? Na wala sio kwamba ana roho mbaya, hesabu ndio zinamwelekeza huko.

Hiki ndicho kilichotokea Chile. Mwaka 1981 chini ya utawala wa Pinochet, na vijana wa uchumi waliosomea Chicago wakiwa jikoni, shule zikahamishiwa halmashauri na ruzuku ikaanza kumfuata mtoto, awe shule ya umma au binafsi, thamani ile ile. Shule binafsi za ruzuku zikaota kila kona. Wachumi Hsieh na Urquiola walipokaa kuchambua matokeo (walichapisha 2006) hawakuona ushahidi kwamba ushindani ulipandisha wastani wa ufaulu, walichoona ni watoto wenye nafuu kuhamia upande mmoja na kuwaacha wengine upande wa pili. Sheria iliruhusu shule kuchuja, na kuanzia miaka ya 90 ikawa rahisi kudai mzazi aongezee juu ya ruzuku. Na vocha ya mtoto maskini ilikuwa sawa na ya mtoto wa mwenye kipato wakati kumfundisha yule wa kwanza kunagharimu zaidi. Hapo unategemea nini? Wanafunzi wakaingia barabarani 2006, wakarudi tena 2011, mpaka sheria ya 2015 ikapiga marufuku uchujaji na faida kwenye shule zinazokula ruzuku na kuanza kuondoa ile michango.

Watu wa mrengo wa kushoto wanaitumia Chile kusema soko limefeli. Mimi nasema ebu tulieni. Uholanzi tangu katiba ya 1917 shule binafsi na za umma zinalipwa sawa na serikali, karibu theluthi mbili ya watoto wako shule zinazoendeshwa na vyama binafsi, na hakuna maandamano ya kudai zifutwe. Colombia walikuwa na programu ya PACES kati ya 1991 na 1997, vocha zaidi ya 125,000 kwa vijana wa sekondari wa familia za kipato cha chini, na kwa sababu waombaji walizidi nafasi sehemu nyingi walichezesha bahati nasibu. Hiyo bahati nasibu ni zawadi kwa watafiti maana aliyepata na aliyekosa hawana tofauti nyingine. Kina Joshua Angrist wakafuatilia, wakakuta waliopata walikuwa na nafasi kubwa ya kumaliza darasa la nane kwa takriban pointi 10 za asilimia, hasa kwa sababu walirudia madarasa kidogo. Vocha ile iliwalenga maskini tu, na ilikuwa inaendelea kutolewa kama kijana anapanda darasa. Chile na Colombia zote zinaitwa vocha lakini ukiangalia ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo swali langu kwa wadau, na hasa nyinyi wenzangu wa soko: kwa nini kanuni za mchezo mnazichukulia kama urasimu wa kuondolewa? Kwa mtazamo wangu mzazi kuichagua shule ni soko, shule kumchagua mtoto kwa hela ya umma ni kitu kingine.

Karibuni tujadili, matusi weka pembeni.

---

Jasho_la_Mnyonge

Nimeweka kambi hapa. Uzi mzito.

---

Chaki_na_Ubao

Mtoa mada umeandika vizuri na umejitahidi kuwa mkweli ila naomba nikuulize kama mwalimu. Hii lugha ya motisha mnaipenda sana nyie watu wa uchumi. Uingereza walishajaribu mwaka 1862, Robert Lowe akaleta utaratibu wa kulipa shule kulingana na matokeo, mkaguzi anakuja anamsikiliza mtoto akisoma, anapima hesabu, mtoto akifeli ruzuku inakatwa. Unajua walimu walifanya nini? Walikaririsha. Watoto wakawa wanasoma kitabu kwa kichwa, kuna waliokuwa wanaweza "kusoma" hata kitabu kikiwa kimegeuzwa. Masomo yasiyolipiwa yakasahaulika kabisa. Ilichukua miaka 30 na kitu kuuondoa ule mfumo. Sasa nyie mnakuja na kitu kile kile mmekivalisha nguo mpya.

Na jiji la Atlanta kule Marekani tusisahau. Uchunguzi wa 2011 uliwataja walimu na wakuu wa shule 178 katika shule 44, watu wazima wanafuta majibu ya watoto na kuandika ya kwao kwa sababu kazi zao zilining'inia kwenye zile alama. Ukimbana mtu kwenye namba atakupa namba, elimu ni habari nyingine.

---

Bahari_Kuu

Mwalimu shikamoo, hoja nzito hiyo. Lakini tuwe makini hapa, Lowe na Atlanta hawakuwa soko. Pale aliyepima na kulipa alikuwa serikali, mzazi hakuwa na sauti yoyote. Ule ni mfumo wa mpango wa juu uliobandikwa bei. Hayek angesema ndio kosa lile lile, ofisi inajaribu kuona kila kitu kupitia tundu moja la namba, walio chini wanajifunza kulijaza lile tundu.

Mzazi anaangalia vingi kwa mpigo, mtoto anarudi na furaha au analia, daftari limesahihishwa au halijaguswa, umbali, usalama, nidhamu, hivyo vyote havimo kwenye mtihani.

---

Chaki_na_Ubao

Marahaba. Sawa, na mzazi ambaye yeye mwenyewe hakusoma anayajuaje hayo ya daftari?

---

Mti_Mkavu

Mwalimu hapo unakosea, hiyo ni dharau ya kistaarabu. Mtafiti wa elimu James Tooley alizunguka Hyderabad (India), Lagos (Nigeria), mitaa ya watu wa chini kabisa, akakuta shule binafsi za ada ndogo zimejaa na nyingi wala hazimo kwenye orodha za serikali. Wazazi wasiojua kusoma wanalipa mfukoni wakati ya bure ipo jirani. Kama hawajui kuchagua mbona wanaacha cha bure? Mtu halipi kwa kitu asichokielewa mwaka hadi mwaka.

Na mtoa mada naona unayumba. Umekubali hoja ya soko halafu unamrudisha mkaguzi kwa mlango wa nyuma. Usichuje, usidai nyongeza, usipate faida, sasa imebaki shule binafsi gani hapo? Hiyo ni shule ya serikali yenye rangi tofauti.

Angalia jimbo la Louisiana, Marekani. Mpango wao wa vocha wa jimbo zima ulianza 2012, masharti kibao, shule ikubali vocha kama ada kamili, isichuje, ifanye mtihani wa serikali. Matokeo yakawa mabaya kweli, waliopata vocha kwa bahati nasibu wakashuka kwenye hesabu kuliko waliokosa. Kwa nini? Kwa sababu shule nzuri zilikataa kuingia, hazikuwa na shida ya wateja. Ziliingia zile zilizokuwa zinapoteza wanafunzi na zinahitaji hela. Masharti yako ndio yalichagua shule mbovu. Jibu hilo.

---

Bahari_Kuu

Mkuu Mti_Mkavu hilo ndio swali nililokuwa nalisubiri na sitalikwepa.

Kwanza tafsiri yako kuhusu nani aliingia Louisiana naikubali kwa sehemu kubwa, watafiti nao walionyesha kwamba shule zilizojiunga zilikuwa zimeshaanza kukimbiwa kabla ya mpango. Lakini angalia tena, vocha ilikuwa na thamani gani ukilinganisha na masharti? Shule nzuri ilipiga hesabu ikaona hailipi. Unaweza kulegeza masharti, au unaweza kupandisha thamani ya vocha kwa mtoto ambaye kumfundisha ni kazi zaidi. Nyie mnarukia njia ya kwanza siku zote. Chile wenyewe mwaka 2008 walileta ruzuku ya ziada kwa watoto wa familia za chini, na shule ikiichukua hairuhusiwi kumtoza mtoto huyo wala kumchuja. Shule nyingi za ruzuku ziliingia kwa hiari yao. Tena ukiwaza ni dawa ya kisoko kabisa, umebadilisha bei na tabia ikabadilika.

Pili, New Orleans, hapo hapo Louisiana. Baada ya kimbunga Katrina 2005 jimbo likachukua karibu shule zote za jiji na kuzigeuza chata, yaani shule zinaendeshwa na taasisi huru kwa mkataba, hela ya umma, zisipofikia malengo mkataba unafutwa. Miaka ya mwanzo ilikuwa vurugu, kila shule na fomu yake, nyingine zinawafukuza watoto wakorofi kimya kimya, wenye ulemavu wanazungushwa. Wakasahihisha. 2012 wakaweka fomu moja ya maombi kwa jiji zima, mzazi anapanga shule kwa upendeleo wake, kompyuta inagawa nafasi, na kufukuza mwanafunzi kukawekwa chini ya utaratibu mmoja. Matokeo yakapanda kiasi ambacho kwenye utafiti wa elimu ni nadra kukiona, na Douglas Harris na timu yake walipochimba wakakuta sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na kufunga au kuwapokonya waendeshaji dhaifu na kuwapa wengine.

Kwa hiyo shule hazikuwa na uhuru wa kuchuja, ila zilikuwa huru kuajiri, kupanga mishahara, kupanga ratiba, mtaala wa ndani na matumizi ya bajeti. Huo ndio uhuru ninaoutetea. Uhuru wa kuchagua watoto wepesi hauongezi maarifa ya mtu yeyote, unahamisha tu watoto kutoka kapu moja kwenda lingine.

---

Upepo_wa_Kusi

Samahanini wakuu mimi sio mtaalamu, ila hii habari ya kufunga shule inanipa ukakasi. Biashara nyingine ikifa mteja anaenda duka la pili. Mtoto shule ikifungwa katikati ya mwaka anapoteza walimu, marafiki, na akili inayumba. Na New Orleans si ndio waliwafukuza walimu maelfu baada ya kimbunga?

---

Chaki_na_Ubao

Nakazia hapo. Wafanyakazi kama 7,000, wengi wao weusi wa tabaka la kati waliokuwa wamejenga maisha kwenye hiyo kazi. Mtoa mada hilo umeliruka kiaina.

---

Bahari_Kuu

Sijaliruka, ndio upande mchungu wa ile hadithi na hakuna namna ya kuupamba. Watu walipoteza nyumba kwa maji halafu wakapoteza na kazi.

Upepo_wa_Kusi umeuliza swali ambalo kwa kweli ndio gumu kuliko yote kwenye huu uzi. Sweden wanalijua. Walileta vocha 1992, shule huru zikaruhusiwa, hata za kampuni zinazotengeneza faida. Mwaka 2013 kampuni moja kubwa, JB Education, iliyokuwa mikononi mwa mfuko wa uwekezaji wa Denmark, ikafilisika na maelfu ya wanafunzi wakabaki wanatafutiwa pa kwenda. Nchi nzima ilishtuka. Lakini linganisha na upande wa pili, shule mbovu ya umma isiyofungwa. Yenyewe haileti habari za kushtua, inafelisha watoto taratibu kizazi baada ya kizazi, na kwa kuwa hakuna siku ya tukio hakuna anayeandamana. Gharama ya kufunga unaiona kwa macho, gharama ya kutofunga imetawanyika kwa watu wengi ambao hata hawajuani. Buchanan na Tullock na wenzao wa uchumi wa siasa wamelieleza hili miaka mingi: kundi dogo lenye maslahi makubwa linapiga kelele, kundi kubwa lenye hasara ndogo ndogo linanyamaza.

Kiutekelezaji New Orleans walijifunza kwamba kubadilisha mwendeshaji huku jengo na wanafunzi wakibaki pale pale kunaumiza kidogo kuliko kufunga kabisa, na kwamba watoto ambao shule yao imefungwa wanafaidika kama tu wanapata shule iliyo bora zaidi ya ile waliyotoka. Kufunga shule mbovu na kumpeleka mtoto shule mbovu nyingine ni mateso ya bure.

---

Mti_Mkavu

Sweden umeitaja haraka haraka mkuu. Pale hawaruhusu kuchuja kwa mtihani, hawaruhusu mzazi kuongezea ada, yaani karibu masharti yako yote wanayo, na bado alama za PISA (mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa miaka 15) zilishuka tangu 2000 mpaka 2012. Sasa?

---

Bahari_Kuu

Zilishuka ndio, na zikaanza kupanda tena 2015 vocha zikiwa bado zipo, kwa hiyo kusema vocha ndio zilishusha ni kuruka hatua, na kusema vocha hazina doa nako ni kuruka hatua.

Doa la Sweden ninaloliona mimi ni la kipimo. Mwalimu wa shule husika ndiye anayempa mwanafunzi alama za mwisho, na hizo alama ndizo zinamwingiza chuo kikuu. Sasa wewe ni mkuu wa shule, unashindania wanafunzi, mwanafunzi anataka alama. Unampa. Jirani yako akiona naye anatoa. Alama zinavimba nchi nzima na mzazi anadhani ananunua elimu kumbe ananunua karatasi. Mnunuzi akikosa namna ya kutofautisha kizuri na kibaya basi kibaya kinamfukuza kizuri, George Akerlof alilionyesha hilo 1970 kwa magari yaliyotumika. Uholanzi wana mtihani wa mwisho wa kitaifa kwa hiyo ule mlango umebanwa kwa kiasi chake.

Kingine, foleni. Shule nyingi za Sweden zinapokea kwa aliyewahi kujiandikisha. Inasikika haki, ila mzazi anayejua mfumo anamwandikisha mtoto akiwa bado mchanga kabisa, aliyehamia juzi kutoka nchi nyingine anakuta foleni ina miaka. Hicho ni kichujio, basi tu hakijaandikwa jina. Bahati nasibu ni bora mara mia.

---

Nahodha_Mstaafu

Vijana naona mnapigana vizuri. Mimi niongeze jambo moja ambalo watu wa soko huwa wanalipita. Albert Hirschman mwaka 1970 alisema mtu asiporidhika ana njia mbili, kuondoka au kusema. Kwenye shule wa kwanza kuondoka ni wale wazazi wanaojali ubora zaidi, ambao ndio hao hao wangekuwa wakali kwenye vikao vya wazazi. Wakiondoka, waliobaki hawana msemaji. Mwenye shule anapumua. Ushindani ulitakiwa kumwamsha, badala yake umemwondolea wasumbufu.

---

Bahari_Kuu

Mzee shikamoo. Hili linauma kwa sababu ni kweli, ila lina sharti moja ndani yake: ni kweli pale ambapo shule haidhuriki mtu akiondoka. Kama bajeti inabaki vile vile basi mkuu wa shule anafurahia kabisa wasumbufu wakienda. Kama kila anayeondoka anaondoka na fungu lake hawezi kupumua. Ndio maana nasema mipango mingi inayoitwa ya ushindani sio ya ushindani, wanasiasa wanaogopa kelele wanafidia shule ya umma kwa kila mwanafunzi aliyehama, halafu wanashangaa kwa nini haijabadilika.

---

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Na gharama zisizohama? Mtoto mmoja akitoka darasani mwalimu bado yupo, taa bado zinawaka, paa bado linavuja. Wakitoka watano kutoka madarasa matano tofauti umepoteza fungu la watano na hujapunguza hata mwalimu mmoja.

---

Bahari_Kuu

Kwa mwaka mmoja miwili ni kweli kabisa, hapo fidia ya muda wenye kikomo ina mantiki. Kikomo ndio neno. Bila kikomo unakuwa unalipia viti vitupu milele.

---

Jasho_la_Mnyonge

Mimi nilikuwa kimya nasoma. Naona mnazungumza ufaulu tu. Je gharama? Nimesikia India walifanya jaribio.

---

Bahari_Kuu

Ndio, Andhra Pradesh, jaribio la bahati nasibu kwenye vijiji 180 kuanzia 2008, Muralidharan na Sundararaman ndio walilifuatilia kwa miaka 4. Waliopata vocha kwenda shule binafsi hawakuwa bora wala wabaya kwenye Kitelugu na hesabu, ila walikuwa mbele kwenye Kihindi ambacho shule za umma zilikuwa hazikifundishi. Kilichoshtua ni kwamba shule binafsi zilikuwa zinatumia chini ya theluthi ya gharama ya shule ya umma kwa kila mwanafunzi, kwa ufaulu karibu ule ule. Sasa hapo kila mtu anaona anachotaka kuona, wa soko anaona ufanisi, mwalimu ataona kwamba mishahara ya walimu wa shule binafsi ilikuwa midogo sana.

---

Chaki_na_Ubao

Umenisoma akili. Ufanisi wenu ni jasho letu.

---

Bahari_Kuu

Mwalimu hapo sitabishana sana, ila niulize upande wa pili: ule mshahara mara kadhaa zaidi kwenye shule ya umma ulinunua nini kwa mtoto kwenye zile hesabu? Mimi napenda mwalimu alipwe vizuri. Napenda zaidi mwalimu hodari alipwe kumzidi mvivu, na kwenye ngazi moja ya mishahara inayohesabu miaka kazini na vyeti tu hilo haliwezekani, anayeumia zaidi na huo utaratibu ni mwalimu mzuri kama wewe.

---

Mti_Mkavu

Hapo tuko pamoja. Ila bado hujaniambia jimbo la Arizona, Marekani, unaliweka wapi. 2022 wamefungua akaunti za elimu kwa kila mtoto bila kuangalia kipato, hela inaingia, mzazi anatumia shule, mwalimu wa nyumbani, vitabu. Hilo ndio soko lenyewe.

---

Bahari_Kuu

Ndio lililo karibu zaidi na soko kamili na ndio linalonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu nilizozitaja juu. Wengi waliojitokeza mwanzoni hawakuwa wanatoka shule za umma, walikuwa tayari wanajilipia. Kwa hiyo hela ya umma imeingia lakini mtoto hajahama, ushindani haujaongezeka hata kidogo. Shule binafsi inaruhusiwa kuchuja, inaruhusiwa kutoza juu ya fungu, hakuna mtihani wa lazima unaomwezesha mzazi kulinganisha. Ukichukua orodha ya makosa ya Chile ya miaka ya 90 ukaipitia moja moja unaweka tiki.

Polly Williams aliyepigania vocha za jiji la Milwaukee, Marekani, za 1990, mbunge mweusi wa chama cha Democratic aliyeungana na gavana wa Republican kwa ajili ya watoto wa familia za kipato cha chini jijini kwake, miaka ya baadaye alikuja kupinga kuufungua ule mpango kwa wenye uwezo. Yeye alitaka kumpa chaguo asiye nalo.

---

Mti_Mkavu

Kwa hiyo ya mwenye nacho ni dhambi? Analipa kodi huyo mkuu, mara mbili. Na ukitaka mpango uishi kisiasa lazima wa kati nao wawemo, mpango wa maskini peke yao unafutwa bajeti ya kwanza ikibana.

---

Bahari_Kuu

Hoja ya kodi mara mbili naielewa, na ya kisiasa ni nzito kuliko watu wanavyokiri. Basi mwenye nacho aingie, ila fungu lake liwe dogo kuliko la mtoto maskini, na shule inayopokea yote mawili igawe nafasi kwa bahati nasibu. Akiona masharti hayo mabaya aendelee kujilipia kama zamani, hakuna aliyemlazimisha.

---

Upepo_wa_Kusi

Na mtoto mwenye ulemavu unamwekea fungu la ukubwa gani? Maana hata mara mbili haitoshi kwa wengine, na hakuna shule itakayoanzishwa kwa ajili ya watoto watatu wa mji mdogo.

---

Bahari_Kuu

Huko kwenye mji mdogo soko halina cha kusema, wanunuzi watatu hawatengenezi ushindani. Hapo serikali iendeshe yenyewe au iingie mkataba na mtu mmoja na imkague vizuri, na mtu wa soko anayebisha hilo aniambie huyo mshindani wa pili atatokea wapi.